Kimeng'enya Kinachoishi Dakika Chache

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi na wageni wote mliofika, hamjambo.

Nianze na kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali ndani ya seli, maana nitakirudia mara kwa mara. Kinaitwa onithini dekaboksilesi. Jina ni refu, kwa hiyo tukiite ODC kama wanavyokiita wanaokifanyia utafiti. Kazi yake ni kuanzisha utengenezaji wa poliamini, molekuli ndogo zenye chaji chanya zinazoshikamana na DNA na RNA. Bila poliamini seli haikui wala haigawanyiki. ODC ya binadamu ni mnyororo wa asidi amino 461, na kila asidi amino inayoungwa kwenye mnyororo huigharimu seli ATP nne hivi, yaani molekuli nne za kubebea nishati. Piga hesabu: ODC moja ikikamilika, imekwisha kula karibu ATP 1,800.

Sasa, watafiti walizuia ini la panya lisitengeneze protini mpya, wakaangalia ODC iliyokuwamo inapunguaje. Baada ya dakika kama 11, nusu ilikuwa imetoweka. Dakika 11 nyingine, nusu ya ile iliyobaki nayo ikaenda.

Ndani ya ini hilohilo kuna kimeng'enya kingine, aginesi, kinachofanya hatua ya mwisho ya kutengeneza urea. Nusu ya aginesi huchukua siku 4 au 5 kutoweka. Ni kiungo kilekile, joto lilelile, na vyote viwili ni minyororo ya asidi amino zilezile 20. Lakini kimoja hupotea mara mia tano na zaidi kwa haraka kuliko mwenzake.

Nilipokuwa mwanafunzi niliondoka darasani nikiamini kwamba vimeng'enya huvunjwa kwa sababu vimechakaa. Ni imani inayoingia akilini kwa urahisi, maana kila chombo tunachokitumia huchakaa. Ila haiwezi kuieleza ODC. Kitu gani kichakae kwa dakika 11 wakati jirani yake anadumu karibu wiki? Na upo ushahidi mzito kuliko huo. Ukizitia alama molekuli za kimeng'enya fulani kisha ukazifuatilia, mara nyingi utaona zinapungua kwa mwendo uleule nilioutaja: nusu, kisha nusu ya nusu, kisha nusu ya hiyo, na kila hatua huchukua muda sawa. Muda huo tunauita nusu-uhai. Mwendo wa namna hiyo una maana moja tu. Molekuli iliyotoka sasa hivi kwenye ribosomu, mtambo wa seli wa kutengeneza protini, inaweza kuvunjwa katika dakika ijayo sawasawa na ile iliyokuwapo tangu jana. Umri hauhesabiwi. Kama uchakavu ndio ungekuwa chanzo, wazee wangetangulia.

Zipo protini zinazoharibika kweli, zilizokunjwa vibaya au zilizochomwa na kemikali, na seli ina namna ya kuziondoa. Mimi leo nazungumzia vimeng'enya vizima, vinavyofanya kazi yake vizuri, ambavyo seli huvivunja hivyohivyo vikiwa vizima. Huvivunja kwa sababu kuvunja ni namna yake ya kutawala.

Kwa muda mrefu hakuna aliyefikiria hivyo. Mapema karne ya 20 iliaminika kwamba mwili wa mtu mzima ni kama jengo lililokwisha kujengwa: chakula ni kuni za kuwasha, na protini za mwili zenyewe hukaa tu, zikipata ukarabati mdogo hapa na pale. Aliyeivunja picha hiyo ni Rudolf Schoenheimer, mwanakemia aliyeondoka Ujerumani mwaka 1933 akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Hapo hapo Columbia alikuwapo Harold Urey, aliyegundua haidrojeni nzito na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1934, na kupitia yeye zilipatikana isotopu, yaani atomi za elementi ileile zenye uzito tofauti. Schoenheimer na wenzake, akiwamo David Rittenberg, waliwapa panya wazima asidi amino yenye naitrojeni nzito. Panya hawa hawakuwa wakikua. Uzito wao ulikuwa umetulia. Kwa imani ya zamani, naitrojeni ile ingetoka karibu yote kwenye mkojo. Iliyotoka kwenye mkojo haikufika hata theluthi. Zaidi ya nusu ilikutwa imejengwa ndani ya protini za mwili.

Fikirini maana yake. Mnyama haongezeki hata kidogo, na bado anajenga protini mpya kila siku. Basi lazima kila siku anavunja kiasi kilekile. Schoenheimer alifariki mwaka 1941, kabla ya yeyote kujua vitu hivi vinavunjwa na nini, lakini swali alikuwa ameliacha mezani. Kwa mtu mzima wa leo tunakadiria kwamba mwili huvunja na kujenga upya kati ya gramu 250 na 300 za protini kwa siku, kiasi kinachozidi sana protini anayokula.

Kwa nini seli ikubali gharama hiyo? Hapa naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu sijui njia nyingine ya kulionyesha jambo hili likaonekana wazi.

Chukueni vimeng'enya viwili. Kila kimoja kina molekuli 1,000 ndani ya seli, na idadi imetulia. Cha kwanza kina nusu-uhai wa dakika 10. Cha pili kina nusu-uhai wa siku 5. Ili cha kwanza kibaki 1,000, seli inapaswa kutengeneza karibu molekuli 70 kila dakika, kwa sababu karibu 70 zinavunjwa kila dakika. Cha pili kinahitaji molekuli moja tu kila dakika 10 hivi. Mtu akitazama idadi peke yake ataona vimeng'enya viwili vilivyo sawa, na atasema seli inaponda mali kwenye kile cha kwanza.

Sasa ifike amri. Homoni imegusa seli, na utengenezaji wa vimeng'enya vyote viwili unaongezwa mara kumi kwa muda wa saa moja. Cha kwanza, saa ikiisha, kimepanda kutoka 1,000 hadi karibu 9,900. Cha pili, kwa amri ileile na muda uleule, kimefika kama 1,050. Hapo amri inaondolewa. Baada ya saa nyingine moja, cha kwanza kimeshuka hadi kama 1,140, kinakaribia kabisa kilipoanzia. Cha pili bado kiko 1,050, kana kwamba hakikusikia kuongezwa wala kupunguzwa.

Angalieni vizuri ni nini kilichoamua. Amri ilihusu kutengeneza. Lakini kasi ya kuitikia amri haikutokana na kutengeneza hata kidogo. Ilitokana na kuvunja. Kasi ya kutengeneza huamua, ikishirikiana na kasi ya kuvunja, kiwango kitatulia wapi. Muda wa kufika huko huamuliwa na kasi ya kuvunja peke yake. Seli ikitaka kuweza kubadili uamuzi wake ndani ya dakika, hulipia uwezo huo kwa kukivunja kimeng'enya hicho muda wote, hata siku ambayo hakuna kinachobadilika. Ndiyo maana vimeng'enya vyenye uhai mfupi hukutwa zaidi mahali penye maamuzi: kwenye hatua ya kwanza ya njia ya kemikali, au kwenye hatua inayoubana mwendo wa njia nzima. Aginesi haiko mahali pa namna hiyo. ODC iko hapo hasa.

Mwaka 1965 Robert Schimke na wenzake nchini Marekani walionyesha hili kwa jaribio ninalolipenda kuliko mengi. Kimeng'enya kimoja cha ini huanza kuivunja triptofani, ambayo ni asidi amino. Ilikuwa inajulikana kwamba panya akipewa homoni ya haidrokotisoni, kimeng'enya hiki huongezeka. Akipewa triptofani yenyewe, pia huongezeka. Ukipima wingi tu, majibu mawili yanafanana, na ni rahisi kusema kwamba vyote viwili huiamsha jeni. Schimke alitumia asidi amino zenye alama ya mionzi ili kutenganisha kutengeneza na kuvunja. Haidrokotisoni iliongeza kutengeneza. Triptofani haikuongeza kutengeneza, ilizuia kuvunja. Kimeng'enya kiliendelea kutengenezwa kwa kasi yake ya kawaida, lakini kikawa hakiondoki, kikajaa. Kikiwa kimeshika kile kinachokifanyia kazi, hujikunja kwa namna isiyovunjika kwa urahisi. Mantiki yake inanivutia mpaka leo: kazi ikiwapo, mfanyakazi analindwa na kazi yenyewe. Kazi ikiisha, ulinzi unaondoka.

Swali la nani anavunja lilichukua muda mrefu kidogo, na njia yake ilikuwa na kona. Mwaka 1955 Christian de Duve alitambulisha lisosomu, vifuko vidogo ndani ya seli vilivyojaa vimeng'enya vinavyokata protini, na ndani yake mna asidi: pH yao ni kama 5 wakati maji ya seli yana pH ya 7 na zaidi kidogo. Wengi walidhani jibu limepatikana. Lakini kuna mambo mawili yaliyokataa kukaa sawa. La kwanza ni hizo tofauti za nusu-uhai. Kama kila kitu kinamezwa na kifuko kimoja chenye asidi, ODC na aginesi wangetofautianaje mara mia tano? La pili lilitangulia hata ugunduzi wa lisosomu. Mwaka 1953 Melvin Simpson alionyesha kwamba vipande vya ini vikinyimwa nishati, uvunjaji wa protini hupungua sana.

Huenda hilo lisiwashangaze mpaka mkumbuke kemia yake. Kukata protini hakuhitaji nishati. Tripsini ya tumboni hukata protini bila kutumia hata ATP moja. Mwitikio wenyewe unateremka mlima. Kwa nini basi seli ilipe ili kuteremka?

Jibu lilitoka kwenye seli nyekundu changa za damu ya sungura. Seli hizo katika kukomaa kwake hupoteza lisosomu, na bado Joseph Etlinger na Alfred Goldberg walionyesha mwaka 1977 kwamba maji yake huvunja protini zilizoharibika, na kwamba ATP inahitajika. Mjini Haifa, Israel, Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover waliyagawa maji hayo mafungu mawili. Kila fungu peke yake halikuvunja chochote. Yakichanganywa, kazi ilirudi. Fungu la kwanza lilikuwa limejaa hemoglobini, na waliposhindwa kulitenganisha kwa njia za kawaida, wakalipasha moto. Hemoglobini iliganda ikazama. Kile walichokuwa wanakitafuta kikabaki kwenye maji, kizima, hakikujali joto. Ilikuwa protini ndogo mno. Mwaka 1980, wakishirikiana na Irwin Rose wa Philadelphia, walionyesha kwamba protini hiyo ndogo huungwa kwa kifungo cha kweli cha kemikali kwenye protini itakayovunjwa. Baadaye ikatambuliwa kuwa ni yubikwitini, ambayo ilikuwa imekwisha kupatikana mwaka 1975 bila kazi yake kujulikana. Ina asidi amino 76, na kati ya yubikwitini ya binadamu na ya hamira zinatofautiana 3 tu. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004.

Kwa hiyo nishati hailipii kukata. Inalipia kuchagua. Seli inalipa ili kikatwe hiki, na kile kilicho kando yake kisiguswe.

Nieleze uchaguzi huo unavyofanyika, bila kuwachosha kwa majina. Kuna kundi la kwanza la protini, E1, linaloiamsha yubikwitini kwa kutumia ATP. Binadamu ana mbili tu. Inapokezwa kundi la pili, E2, ambazo ni kama 40. Kundi la tatu, E3, ndilo linalomshika mhusika kwa mkono mmoja na E2 kwa mkono mwingine, ili yubikwitini ihamishwe. E3 za binadamu ni zaidi ya 600. Namba hizo, 2, kisha 40, kisha 600, zinawaonyesha uamuzi unafanyika wapi. Yubikwitini ya kwanza ikishaungwa, nyingine huungwa juu yake, na mnyororo wa nne au zaidi zilizoungana kwa namna fulani huwa tikiti ya kuingia proteasomu. Na kama katika kila uamuzi wa maana, kuna nafasi ya kughairi: vipo vimeng'enya, karibu 100 kwa binadamu, ambavyo kazi yake ni kuziondoa yubikwitini kabla mhusika hajafika.

Proteasomu ni pipa. Limejengwa kwa protini 28 zilizopangwa kwenye pete nne za saba saba, na visu vyake vyote viko ndani, havielekei nje. Mlango ni mwembamba kiasi kwamba protini iliyokunjwa haipiti. Kwenye mdomo wa pipa kuna kifuniko chenye injini ya sehemu sita zinazotumia ATP kuishika protini, kuikunjua na kuivuta ndani kama uzi. Yubikwitini hukatwa mlangoni na kurudi kazini, haiingii. Visu vikali namna hii vingekuwa vinaelea ovyo, seli isingedumu. Ulinzi wote uko kwenye mlango, na ufunguo uko kwa E3.

Basi swali la kimeng'enya kitaishi muda gani linageuka kuwa swali la lini E3 itakiona. Mara nyingi kimeng'enya hubeba sehemu fupi ambayo E3 inaitambua, lakini imefichwa. Kuifichua ndiyo amri yenyewe. Inaweza kufichuliwa kwa kuongezwa fosfeti, kwa kuachana na mwenzake, kwa kukosa kile kinachokifanyia kazi, au kwa mabadiliko ya utando kilimokaa.

Mfano wa utando ni kimeng'enya kinachobana njia ya kutengeneza kolesteroli, HMG-CoA ridaktesi. Kimejichomeka kwenye utando ndani ya seli, na sehemu yake iliyo ndani ya utando huhisi wingi wa sterolo, yaani kolesteroli na jamii yake. Sterolo zikiwa chache, kimeng'enya hudumu saa nyingi. Zikijaa, kimeng'enya hukumbatiana na protini iitwayo Insig, ambayo imeandamana na E3, na nusu-uhai hushuka chini ya saa moja. Kinang'olewa kwenye utando na kupelekwa proteasomu. Sasa, dawa za statini huziba tundu la kazi la kimeng'enya hiki. Sterolo hupungua, ambalo ndilo kusudi. Lakini seli nayo inaona sterolo zimepungua, kwa hiyo inaacha kukivunja, tena inatengeneza zaidi, na kimeng'enya hurundikana mara nyingi kuliko mwanzo. Daktari anapigana na kimeng'enya, na seli inakiongezea jeshi. Mgonjwa husaidika bado, hasa kwa sababu ini hufungua milango mingi zaidi ya kuvuta kolesteroli kutoka kwenye damu. Ila mtu anayetengeneza dawa ya kuziba kimeng'enya bila kuuliza kinavunjwaje ameangalia nusu ya habari.

Hamira ina mfano ulio mkali zaidi. Ikinyimwa glukosi hujitengenezea yake yenyewe kutoka kwenye vitu kama ethanoli, kwa vimeng'enya maalumu. Mpe glukosi, na vimeng'enya hivyo vinageuka kuwa hatari: kimoja kingekuwa kinafungua kile ambacho mwenzake wa njia ya kuvunja glukosi amekifunga dakika hiyohiyo, na ATP inaungua bure. Hamira haisubiri vipungue kwa kugawanyika. Huunda kipande kimoja kinachokosekana kwenye E3 iliyokuwa tayari inasubiri, na kipande hicho hutambua asidi amino iitwayo prolini iliyo kwenye ncha ya mwanzo ya vimeng'enya hivyo. Vinaondolewa upesi, na kipande chenyewe nacho huvunjwa kazi ikiisha. Habari ya ncha ya mwanzo si ngeni: Alexander Varshavsky na wenzake walionyesha mwaka 1986 kwamba ukibadili asidi amino ya kwanza tu ya protini ileile ndani ya hamira, nusu-uhai hubadilika kutoka dakika chache hadi zaidi ya saa 20.

Lisosomu hazikupoteza kazi, nisije nikazidhulumu. Njaa ikija, seli hujengea utando sehemu ya maji yake pamoja na vimeng'enya vilivyomo na kuzipelekea lisosomu, ili asidi amino zipatikane. Yoshinori Ohsumi alizipata jeni za kazi hiyo kwenye hamira, akapewa Nobel mwaka 2016. Huko uchaguzi ni mpana zaidi, ingawa upo.

Nirudi kwa ODC, kwa sababu yenyewe huivunja kanuni niliyoieleza sasa hivi. ODC huenda proteasomu bila yubikwitini.

Hufanya kazi ikiwa wawili wawili tu. Tundu la kazi liko kwenye mpaka kati ya molekuli mbili. Seli ina protini nyingine iitwayo antizaimu, inayoshikamana na ODC moja kwa nguvu kuliko ODC inavyomshika mwenzake. Antizaimu ikifika, wawili wanatengana na kazi inakoma. Hapo mkia wa asidi amino 37 hivi wa ODC unafichuka, na proteasomu inaushika moja kwa moja. Antizaimu haivunjwi pamoja nayo; huachwa nje na kwenda kuleta ODC nyingine.

Na nini huiamuru antizaimu? Hapa ndipo nilipokaa kimya siku nilipoisoma mara ya kwanza. Ujumbe wa RNA wa antizaimu una neno la kusimama karibu na mwanzo wake. Ribosomu ikisoma kawaida, inasimama hapo, na kinachotoka ni kipande kisicho na maana. Poliamini zikiwa nyingi, ribosomu huteleza herufi moja mbele mahali hapo hasa, ikaanza kusoma kwa mpangilio mwingine, neno la kusimama likapotea, na antizaimu nzima ikatoka. Yaani poliamini, zao la ODC, ndizo zinazoitelezesha ribosomu ili itengeneze kitakachoiua ODC. Hakuna jeni iliyowashwa, hakuna homoni. Zao lenyewe limekwenda kumfunga mdomo aliyelizalisha, na kwa kuwa ODC hupotea kwa dakika, kufungwa huko kunaonekana kwa dakika.

Vimelea vya malale havina mpango huo. Tripanosoma aenezwaye na mbung'o anahitaji poliamini kama sisi, na ana ODC yake, lakini ODC hiyo haina ule mkia. Haivunjwi upesi, hudumu saa nyingi. Dawa ya eflonithini huingia kwenye tundu la kazi la ODC na kujifunga humo moja kwa moja, bila kutoka. Huifunga ODC ya mgonjwa na ya kimelea bila ubaguzi mkubwa. Ukiangalia kufunga peke yake, dawa hii ingepaswa kuwa sumu kwa wote wawili.

Ila seli ya mgonjwa ilikuwa inaitupa ODC yake kila dakika chache tangu mwanzo, na kutengeneza nyingine. ODC iliyozibwa na dawa inaondolewa, na mpya iko njiani. Tripanosoma hana haraka hiyo. ODC yake iliyozibwa inabaki palepale, na mpya huja polepole. Poliamini zinamwishia, anaacha kugawanyika, na kinga ya mgonjwa inammaliza. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani dhidi ya malale mwaka 1990. Ilitolewa kwa dripu kila saa 6 kwa siku 14, na baadaye, ilipounganishwa na dawa ya nifurtimoksi, mara mbili kwa siku kwa siku 7. Hufanya kazi kwa aina ya gambiense, ya magharibi na kati ya Afrika. Aina ya rhodesiense ya mashariki na kusini haiitikii vizuri, na mojawapo ya sababu zilizoonekana maabara ni kwamba ODC yake hubadilishwa haraka zaidi.

Zile ATP 1,800, zilizoonekana kupotea bure kila ODC moja inapovunjwa, ndizo zilizomtenga mgonjwa na kimelea chake.

Nawashukuru sana. Nayasubiri maswali yenu.